Umsimamiavyo Mlezi Ndivyo Aleavyo

Siku ya kwanza ya mafunzo ya usimamizi ninayoyaendesha, kabla hata hatujatambulishana, huwa naandika swali moja ubaoni: Mara ya mwisho mtu kukaa nawe mkaongea kuhusu kazi yako, bila wewe kuwa umekosea, ilikuwa lini? Halafu naweka kalamu chini na kusubiri.

Wakuu wa vituo vya kulelea watoto si watu wa kukosa neno. Tangu asubuhi wanaongea: na mzazi mlangoni, na mpishi, na fundi wa bomba, na mtoto aliyekataa kuvua viatu. Lakini swali hili huwanyamazisha. Wengi huandika "sikumbuki". Safari hii mmoja aliandika "siku ya usaili", na alikuwa na miaka 14 kazini. Mwingine hakuandika kitu. Alikunja karatasi yake mara mbili akaitia mkobani.

Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia. Tunawaomba watu hawa wawafanyie wenzao jambo ambalo wao wenyewe hawajawahi kufanyiwa.

Karibu wote walifika kwenye kiti cha ukuu kwa njia moja. Walikuwa walezi hodari. Mtoto aliyelia kwa kila mtu alinyamaza kwao. Mzazi mwenye wasiwasi aliwatafuta wao kwanza. Nafasi ya ukuu ilipopatikana wakapewa, pamoja na funguo, daftari la mahudhurio na ratiba ya zamu, na kuanzia siku hiyo wakawa wanashughulika na watu wazima. Kumtuliza mtoto wa miezi 18 ni kazi moja. Kumwambia mtu wa miaka 40 kwamba namna anavyowaita watoto inawatisha ni kazi nyingine, na hiyo hakuna aliyewafundisha. Basi wanafanya walichokiona kikifanywa: wanapita vyumbani, wanakagua, wanatoa maelekezo wakiwa wamesimama mlangoni, wanaondoka.

Nami nilifanya hivyohivyo, na kuna siku moja siisahau.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ukuu. Niliingia chumba cha watoto wa kati ya mwaka 1 na 2 nikamkuta mlezi akimbadilisha mtoto nepi. Mikono ilikwenda haraka, macho yalikuwa ukutani, hasemi neno. Mtoto naye amelala kimya anaangalia dari. Nikasema kutoka mlangoni, mbele ya watoto na mbele ya mama aliyekuwa akipiga deki: "Dada, huyo ni mtoto, si furushi." Akajibu, "Samahani, mwalimu."

Nilitaka kuondoka, ila sikuondoka mara moja. Alimshusha yule mtoto. Mwingine akamjia akiburura kiatu kwa kamba yake, akakinyanyua juu ili avalishwe. Mlezi akamtazama akasema, "Hicho ni kiatu, si gari." Yalikuwa maneno yangu, kwa mpangilio wangu na kwa sauti yangu kabisa, hata ule mkato wa mwishoni. Mtoto akakishusha kiatu polepole, akakaa chini nacho, akaanza kuhangaika na kamba peke yake.

Mlezi yule aliacha kazi miezi 2 baadaye. Siku ya kukabidhi funguo aliniambia bila hasira kwamba asubuhi ile alikuwa peke yake na watoto 9 tangu tulipofungua mlango, kwa sababu mwenzake nilikuwa nimemhamishia chumba cha wachanga kuziba pengo. "Nilikuwa nimechoka, mwalimu, na hukuniuliza." Ratiba ya zamu niliipanga mimi. Katika jengo lile zima, mtu pekee aliyeweza kumpunguzia mzigo ni yuleyule aliyesimama mlangoni akimsema.

Miaka mingi baadaye nilikutana na kauli ya Jeree Pawl, mtaalamu wa Marekani wa afya ya akili ya watoto wachanga. Ile kanuni ya kale ya kuwatendea wengine kama unavyotaka kutendewa, yeye aliisogeza hatua moja mbele: watendee wengine kama unavyotaka wao wawatendee wengine. Nilipoisoma nilikiona kile kiatu. Wahenga wetu walishasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi nimeona kwa macho yangu kwamba mlezi naye umsimamiavyo ndivyo aleavyo, na haichukui miaka. Inachukua dakika 1.

Kwa hiyo ninapowafundisha wakuu wa vituo kusimamia, naanza kwa kulitenganisha neno lenyewe. Alfred Kadushin, aliyeandika kuhusu usimamizi katika kazi za ustawi wa jamii mwaka 1976, aliugawa katika kazi 3: kuhakikisha taratibu zinafuatwa, kumfundisha mtu kazi yake, na kumtegemeza ili aweze kuibeba. Nawaomba wakuu wafungue shajara zao za wiki iliyopita wahesabu. Kazi ya kwanza imejaa kila ukurasa: mahudhurio, usafi, daftari la dawa, idadi ya watoto kwa mlezi. Ya pili inajitokeza mara moja moja. Ya tatu huwa haipo kabisa, au ipo kwa umbo la "nilimpa pole". Sidharau kazi ya kwanza. Mtoto aliyepewa dawa isiyo yake hatibiwi na mazungumzo mazuri. Lakini mkuu anayefanya hiyo peke yake anakuwa mkaguzi anayeishi ndani ya kituo, na walezi hujifunza kumficha mambo.

Mafunzo yangu yanachukua miezi 4, siku 1 kila baada ya wiki 2. Watu huuliza kwa nini nisiyabane yakawa semina ya siku 3. Nimewahi kuendesha semina za namna hiyo. Watu waliondoka na mafaili mazuri, na nilipowatembelea niliyakuta mafaili kabatini na wao wakiwa wamesimama mlangoni kama zamani. Ulimi wa mtu mzima haubadiliki kwa siku 3. Anahitaji kwenda kujaribu, ashindwe, arudi akiwa na hadithi.

Wiki za mwanzo tunajifunza kuona, na hapa huwa sina haraka hata kidogo. Naonyesha video ya dakika 4 ya chumba cha watoto, iliyorekodiwa kwa ridhaa ya wazazi na ya mlezi mwenyewe. Kila mtu anaandika alichokiona. Kisha tunasoma kwa sauti. Karibu kila mara karatasi ya kwanza husema: "Mlezi ni mvivu, hajali." Nauliza, umeona nini? "Amekaa tu." Amekaa wapi? "Kwenye kiti, karibu na dirisha." Watoto walikuwa wapi? "Kwenye mkeka." Kuna mtoto aliyemwendea? Tunarudisha video. Ndiyo, mmoja alimvuta nguo mara 2. Mara ya kwanza aligeuka, mara ya pili hakugeuka. Kati ya hizo mara 2 kulitokea nini? Tunarudisha tena. Mlango ulifunguliwa, mtu akamwita, akajibu, akaandika kitu kwenye karatasi.

Wanapofika hapo uvivu umeshatoweka, na kilichobaki kinaweza kuzungumzwa: kiti kiko mbali na mkeka, na kuna mtu anayemkatiza. Mlezi hawezi kubadilisha "uvivu" wake Jumatatu asubuhi. Kiti anaweza kukisogeza.

Wakuu wanashangaa ninapowaambia kwamba "anawapenda sana watoto" nayo si kitu walichokiona. Wanaona nawanyima wema. Lakini mlezi aliyesifiwa hivyo hajui arudie nini kesho. Mwambie: "Ulimwonyesha kitambaa kabla ya kumfuta pua, ukangoja hadi akusogezee uso." Hapo amepata kitu cha kushika.

Nimewatengenezea mambo machache ya kutazama, nao huyabeba kichwani, maana mlezi akiona unaandika huanza kuigiza. Macho ya mlezi yako kwenye kimo gani, cha mtoto au cha mkubwa mwenzake? Kabla ya kumwinua mtoto humwambia, au mtoto hujikuta yuko hewani? Mtoto akitoa sauti au akinyoosha kidole, kuna anayemjibu? Na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: katika dakika 10 hizi, ni mtoto gani ambaye hajasemeshwa na mtu yeyote? Kila chumba kina mtoto wa namna hiyo. Mara nyingi ni yule anayesifiwa kwamba hasumbui.

Baada ya kuona, tunakuja kwenye kukaa na kuongea. Shirika la Marekani la Zero to Three, linaloshughulikia watoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka 3, linataja nguzo 3 za usimamizi wa namna hii: kutafakari pamoja, kushirikiana, na kukutana kwa utaratibu usioyumba. Wakuu hupenda kuongelea zile 2 za kwanza. Mimi huwarudisha kwenye ya tatu kila wakati, kwa sababu ndiyo inayovunjika. Saa ya mazungumzo ikiahirishwa mara 3 mfululizo, mlezi ameshaelewa thamani yake ni kiasi gani, hata umwombe radhi vipi.

Na mara nyingi huahirishwa kwa sababu ya zamu. Nani atakaa na watoto? Wengi hukimbilia saa ya usingizi wa mchana, kana kwamba watoto waliolala hawahitaji mtu. Wanahitaji, lazima pawe na anayewatazama wanavyopumua, na idadi ya walezi inayotakiwa haipungui kwa kuwa taa zimezimwa. Hivyo siku nzima ya mafunzo hutumika kwenye ratiba, tukiwa na penseli na kifutio. Mkuu mmoja aligundua kwamba yeye mwenyewe anaweza kuingia chumbani kuanzia saa 4 hadi saa 5 kila Jumanne ili msaidizi wake aongee na walezi, na Alhamisi wabadilishane. Akatushangaza aliporudi na kusema kwamba zile Jumanne ndizo zilizomfundisha zaidi, maana sasa alijua uchovu wa saa 4 unafananaje.

Mazungumzo yenyewe tunayafanyia mazoezi wawili wawili, na wengine wakitazama. Safari moja mkuu mmoja alicheza nafasi ya mlezi akaleta kisa cha mtoto anayeng'ata wenzake. "Nimechoka naye," alisema. Mwenzake, aliyekuwa nafasi ya mkuu, akajibu palepale: "Umejaribu kumpa kitu cha kutafuna?" Yule wa kwanza akasema ndiyo, nimejaribu. "Umeongea na mama yake?" Nimeongea. "Umeangalia kama anaota meno?" Nimeangalia. Nikawasimamisha. Nikawauliza watazamaji wameona nini. Mmoja akasema, "Mlezi amekuwa akijibu mtihani."

Tukaanza upya. Safari hii nilimwomba mkuu aseme sentensi moja tu kisha anyamaze. Akasema, "Nielezee jana ilikuwaje." Kimya. Nilimwona akifungua mdomo, nikainua kidole asiseme. Kimya kikaendelea hadi watu wakaanza kutazama sakafu. Ndipo yule mwenzake akasema, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya mazoezi tena: "Nilimshika mkono kwa nguvu. Nilimvuta. Nikaogopa, kwa sababu nilijua sikuwa nikimzuia asing'ate. Nilikuwa na hasira naye."

Kisa hicho kilikuwa chake, cha zamani alipokuwa mlezi. Hakuwahi kumwambia mtu.

Nililazimika kusimamisha kila kitu, kwanza kwa ajili yake. Kisha kwa ajili ya wengine, kwa sababu hapo tulikuwa tumefika mahali ambapo mkuu anaweza kupotea njia pande zote mbili. Akiruka kwa ukali, hataambiwa tena jambo kama hilo, na mikono itaendelea kuvutwa milango ikiwa imefungwa. Akiwa mpole kupita kiasi, akasema "usijali, sote tunachoka", amemwacha mtoto peke yake na mkono wake. Nawafundisha kwamba usiri wa kikao una mpaka, na mpaka huo mlezi ausikie siku ya kwanza kabisa, kabla hajasema neno: ukiniambia jambo lililomuumiza mtoto au linaloweza kumuumiza, nitalifikisha panapotakiwa, na nitakuwa pamoja nawe wakati linafikishwa. Mkono wa mtoto unaangaliwa, mzazi anaambiwa, taratibu za kituo zinafuatwa. Na mlezi haendi nyumbani siku hiyo bila mtu kukaa naye kuuliza: ulianza kuhisi hasira saa ngapi, ulikuwa na watoto wangapi, ungeweza kumwita nani?

England iliweka usimamizi wa walezi kuwa sharti katika mwongozo wake wa lazima wa malezi ya watoto wadogo mwaka 2012, na humo kikao cha usimamizi kimeelezwa kuwa mahali pa kuzungumzia mambo yanayogusa ustawi wa mtoto, kutafuta ufumbuzi na kumnoa mlezi. Nimefurahi kuona yote yamewekwa kwenye kikao kimoja. Kumlinda mtoto na kumtegemeza mlezi mara nyingi hutengewa siku tofauti na watu tofauti, na mtoto huangukia katikati.

Kosa jingine ninalolikuta kila kundi ni kumsimamia kila mlezi kwa kipimo kimoja. Mwaka 1972 Lilian Katz, mtaalamu wa elimu ya watoto wadogo, alieleza hatua 4 ambazo walimu wa watoto wadogo huzipitia. Mwanzoni mtu anapigania tu kuimaliza siku, na hali hiyo inaweza kuchukua mwaka mzima. Kisha anaanza kumwona mtoto mmoja mmoja. Miaka michache baadaye anazichoka zana na michezo ileile, anatamani kipya. Mwisho anafika kwenye maswali makubwa ya kazi yenyewe. Wa hatua ya kwanza anamhitaji mtu ndani ya chumba, pembeni yake, leo. Ukimwita ofisini kutafakari unamwongezea tu saa moja ya hofu. Na mlezi mwenye miaka 18 kazini ambaye kila wiki anaulizwa kama amenawisha watoto mikono anaanza kufa ndani polepole. Nimewahi kumsikia mmoja akisema, "Mimi sina cha kuulizwa hapa." Mkuu wake alidhani ni jeuri. Tulipoongea zaidi, ilibainika hakuna aliyewahi kumwomba amfundishe mgeni.

Kuhusu fomu sitasema mengi. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe, jambo alilolileta mlezi, mlichokubaliana, na mstari wa mwisho ambao ni wa mkuu: "Mimi nimeahidi nini." Kikao kinachofuata huanzia kwenye mstari huo. Kama uliahidi kuongea na mzazi fulani na hujaongea, unaanza kwa kulikiri hilo.

Kuna uchungu mmoja ambao hauna fomu. Wengi wa hawa wakuu waliwahi kuwa marafiki wa haohao wanaowasimamia. Walibadilishana zamu, walilia pamoja, walisengenya wakuu waliopita. Leo akiingia chumba cha chai, mazungumzo yanakatika. Mmoja aliniambia, "Zamani waliniita dada, sasa wananiita madam, na siku wanayoniita dada najua kuna ruhusa inakuja." Sina dawa ya hilo. Ninachofanya ni kuwapanga watatu watatu kutoka vituo tofauti, wapigiane simu kila wiki wasimuliane, mmoja asikilize bila kutoa suluhisho. Yule mkuu aliyeandika "siku ya usaili" ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kulinda simu hiyo. Alisema ni mara ya kwanza mtu kumuuliza "halafu wewe ukahisi nini" na kungoja jibu.

Mwezi uliopita nilimtembelea yeye. Mlangoni pa ofisi palikuwa na karatasi: Tuko kwenye mazungumzo hadi saa 5. Nilikaa kwenye benchi. Walipotoka nilimsikia akimwambia mlezi, "Kuna jambo moja la asubuhi niliona wakati wa kunawa mikono. Naomba tuliongelee. Uko tayari sasa, au tungoje kesho?" Mlezi akafikiri kidogo akasema kesho. Mkuu akasema sawa, akaandika.

Nilimfuata yule mlezi hadi chumbani kwake nikakaa sakafuni kando ya ukuta. Mtoto mmoja alikuwa na kamasi hadi mdomoni. Mlezi alichukua kitambaa, akapiga magoti mbele yake, akamwonyesha. "Naomba nikufute pua. Uko tayari?" Mtoto akatikisa kichwa kukataa, akarudi kwenye matofali yake, akapanga moja, akapanga la pili. Mlezi akabaki amepiga magoti, kitambaa mkononi. Mtoto akapanga la tatu. Kisha akageuka, akafumba macho yote mawili kwa nguvu, akaleta uso.